Mwenzangu Hajaitika

Vijana wangu wa maabara, hamjaniacha nipumue tangu siku ile mliponiaga kwa keki na kitenge. "Mama Eli, andika. Mama Eli, usiondoke na mambo yako." Haya, naandika. Ila msitegemee habari za vyeo. Nani alipanda, nani alishushwa, nani alinuniana na nani kwa sababu ya ofisi yenye kiyoyozi, hayo kamuulizeni mhasibu, yeye ndiye anayependa kuyasimulia. Mimi nitawapa habari za masikio, na hasa habari ya Bi Mwanahawa wa Chole, kule Kisarawe. Kila mgeni anayeingia kwenye kile chumba chetu cha giza huuliza yule mwanaume anayeitikia ni nani, na nasikia mmeanza kujibu mnavyojua wenyewe. Juzi mmoja wenu alimwambia mgeni kwamba ile sauti imetengenezwa na kompyuta. Nusura nirudi kazini kwa hasira.

Haikutengenezwa na kompyuta. Kaeni chini niwaambie.

Kazi nilianzia Dar, kwenye kituo cha redio, nikiwa binti mwembamba (mnacheka nini?) wa kutoka Kibaha alfajiri na kurudi Kibaha giza limeshaingia. Baba yangu alikuwa mwalimu, alihamishiwa huku kutoka milimani, akajenga Kongowe. Nasema Kongowe hii yetu ya Kibaha, maana kila nikiitaja kuna mtu ananiuliza kama nakaa Mbagala. Usharikani niliimba kwaya, sauti ya pili. Kwenye usaili waliniuliza kwa nini nataka kufanya kazi redioni, nikasema napenda sauti. Wenzangu walisema wanapenda kulitumikia taifa, wakapelekwa chumba cha habari. Mimi nikapelekwa chumba cha sauti, kwa Mzee Kibwana.

Mzee Kibwana alikuwa mtu mfupi, msafi, mwenye wembe kwenye mfuko wa shati muda wote. Siku zile sauti ilikatwa kwa wembe, mnaelewa? Hakukuwa na kubofya. Unasogeza mkanda kwa vidole, mbele, nyuma, mbele, mpaka usikie mahali neno linapoishia. Unaweka alama kwa penseli, unakata mshazari, unaunga kwa utepe wa gundi. Ukikosea, neno la mheshimiwa liko sakafuni na wewe unalitafuta kwa magoti. Amri yake ya kwanza ilikuwa hii: mkanda wa kwanza haukatwi. Unatoa nakala, unakata nakala. Ule wa kwanza unarudi kabatini kama ulivyo, hata kama ndani yake kuna kuku, watoto na mvua ya mawe.

Amri ya pili niliipata kwa kuaibishwa. Safari yangu ya kwanza ya kurekodi nje ya kituo nilitumwa kwa mkunga mmoja mstaafu. Mama wa watu akaanza kusimulia jinsi alivyozalisha kwenye gari la mkaa, na mimi, mtoto niliyelelewa, nikawa naitikia. Ehee. Ehee, mama. Ee, kumbe! Yesu wangu, ikawaje? Niliporudi, Mzee Kibwana akauweka mkanda, akasikiliza kidogo, akasimamisha.

"Nani huyo?"

"Mimi, mzee."

"Nilikutuma ukamrekodi nani?"

"Yule mama."

"Basi wewe haupo. Ukishabeba mashine begani, haupo. Unatikisa kichwa. Ukitaka kushangaa, shangaa kwa macho."

Nikajifunza. Nilijifunza kucheka bila sauti, kulia bila sauti, kupiga chafya kwa ndani mpaka daktari wa masikio akanikataza. Nimerekodi harusi, misiba, mikutano ya wakulima na ngoma za mkesha, na kwenye mikanda yote hiyo mimi simo, hata pumzi yangu haimo. Nilizoea mpaka nikaleta tabia hiyo nyumbani. Mume wangu ananisimulia jambo kutoka sebuleni, mimi niko jikoni natikisa kichwa. "Mama Eli! Uko?" Niko. "Mbona huitikii?" Naitikia, baba, huoni tu.

Sasa shida ni hii. Watu wetu hawawezi kuongea na mtu asiyewaitikia. Mzee anaanza vizuri, anafika sentensi ya pili, ya tatu, anasimama. "Unanisikia, binti?" Unatikisa kichwa kwa nguvu. Anaendelea kidogo, anasimama tena: "Au nimesema vibaya?" Mzee Kibwana alikuwa na dawa yake. Hakuwasha mashine mpaka apate mtu wa nyumbani wa kukaa na msimuliaji, kando kidogo ya maiki, ili aitikie yeye. Wifi, jirani, shemeji, yeyote mwenye nafasi. "Mtu hasimulii chuma," alikuwa akisema, "anasimulia mtu." Kisha tukirudi tunazikata zile ehee kwenye nakala, moja moja, kwa wembe. Jioni mfagizi akiingia, sakafu yetu imejaa ehee za watu, anazizoa na kuzitupa. Leo nikiikumbuka ile sakafu moyo unaniuma kidogo.

Kompyuta zilipoingia redioni, wembe ukarudi kunyolea ndevu. Mzee Kibwana alikuwa ameshastaafu na kurudi kwao, na mimi nikahamia kituo chetu hiki cha utafiti, karibu na nyumbani. Kazi ya kwanza niliyopewa ni kupima kelele viwandani, kule Zegereni. Nilivaa kofia ngumu na buti zilizonizidi namba, nikazunguka na kipimo mkononi kama mtu aliyepoteza funguo. Kazi ilikuwa kavu, sitawadanganya. Ila kwenye kiwanda kimoja cha magunia niliwakuta akina mama wanaopiga soga kutwa nzima katikati ya mashine zinazonguruma, wanasomana midomo, na kuitikia wanaitikia kwa nyusi. Ukipandisha mara moja ni ehee. Ukipandisha na kushikilia ni "acha uongo wako". Mmoja aliniambia mumewe analalamika kwamba siku hizi hamjibu. "Namjibu," akasema, "yeye haangalii nyusi." Nilimkumbatia yule mama pale pale, na hakujua kwa nini.

Halafu akaja Zawadi. Sasa ni Dokta Zawadi, na mnamwogopa, lakini mimi namkumbuka alivyoingia siku ya kwanza na begi lililokatika mkanda mmoja, anaongea kabla hajakaa.

"Shikamoo, mama. Nimeambiwa wewe ndiye mwenye masikio hapa."

"Marahaba. Na wewe naona ndiye mwenye mdomo."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Kuanzia hapo tukaelewana. Alitaka kutengeneza chumba: spika kila upande, chini, juu, mpaka chini ya sakafu, na kuta zote picha zinazotembea kwa kufuata sauti. Katikati ya yote akaweka akili mnemba, mashine ya kujifunza, itakayosikiliza mgeni anafanya nini na kumjibu. "Mama Eli," akaniambia, "mtu akiingia anakuwa ndani ya sauti." Nikamwambia ndani ya sauti nimekaa maisha yangu yote, mwanangu, na sijawahi kuona picha. Lakini nilivutiwa. Nilikuwa nimechoka na kelele za magunia.

Tulihitaji jambo la kuweka humo, jambo la watu wa mkoa wetu wenyewe, ndipo tukafika Chole kwa Bi Mwanahawa. Alikuwa mama mtu mzima, mrefu, mwenye maneno mengi na subira kidogo. Ujanani yeye na mumewe, Mzee Shomari, walilima mpunga bondeni, na mpunga kule adui yake ni nguruwe. Kwa hiyo walilinda. Walijenga madungu mawili, yale majukwaa ya miti ya kulindia shamba, moja huku na moja kule mwisho wa bonde. Yeye anapanda hili, mumewe anapanda lile, kila mmoja na debe bovu la kupiga. Na usiku kucha wanaitana.

"Naita, Shomariii! Naye anaitika, Ehee!" Bi Mwanahawa alitusimulia. "Hatuna la kuambiana. Tunaitana tu tujue mwenzio yuko macho. Ukiita mwenzio asiitike, unaita tena. Asipoitika, unashuka. Kuwe na nguruwe, kuwe na chui, unashuka."

Zawadi akauliza, "Ulishawahi kushuka, bibi?"

"Mara nyingi! Mara zote nikamkuta amelala, mjinga yule."

Na kutoka kibarazani, alikokuwa amekaa anapukuchua mahindi, Mzee Shomari akaitikia: "Ehee."

Tulicheka wote, mimi kwa ndani. Nilikuwa nimemwomba mzee akae pale makusudi, kwa mtindo wa Mzee Kibwana, ili mkewe apate mtu wa kumsimulia. Tulipomwomba arekodiwe naye, alikataa katakata. "Mimi sina la kusema. Mwenye maneno ni huyo." Tukamheshimu. Maiki ikamwelekea mkewe, yeye akaendelea na mahindi yake, na kila mkewe akipumua au akirudia ule wito wa dunguni, anaitikia. Ehee. Mh. Ehee.

Mara moja tu hakuitikia. Bi Mwanahawa alikuwa anasimulia usiku ambao aliita, akaita, akashuka, akamkuta mumewe hakulala bali ameng'atwa na nyoka. Akambeba mgongoni kulifuata bonde lote mpaka barabarani, akiwa na mimba. "Namwita njia nzima," akasema, "namwambia itika, Shomari, itika hata kwa kukoroma." Kibarazani mahindi yakanyamaza. Kisha Bi Mwanahawa akaguna, akaendelea na habari ya mpunga, na baada ya muda mahindi yakaanza tena kudondoka kwenye beseni.

Siku ile Zawadi alimsomea ile karatasi ya ridhaa yote, neno kwa neno. Bi Mwanahawa akasikiliza mpaka mwisho, akaongeza sharti lake mwenyewe. "Mtaniita niisikie kabla ya watu. Nisipojikuta humo, naondoka na sauti yangu." Zawadi akakubali. Hilo mlikumbuke, kwa sababu ndilo lililotuweka roho juu baadaye.

Mzee Shomari alifariki kabla chumba hakijakamilika. Aliugua kidogo tu. Tulikwenda kuhani, tukakaa mkekani na wafiwa. Mjukuu mmoja alikuwa anapekua simu, kisha simu ya mwenzake, anatafuta sauti ya babu. Hakuna. Mzee hakuwahi kutuma ujumbe wa sauti hata mmoja, alikuwa anasema simu inamsikia vibaya. Bi Mwanahawa alikuwa amejifunika khanga hasemi kitu, na kwa mtu yule kutosema kitu kulitutisha.

Alipomaliza eda tukamwalika kuja kusikiliza. Chumba kilikuwa tayari, wageni wa ufunguzi walishaalikwa, na nawaambia ukweli, kilikuwa kizuri. Dungu lilijengwa kwa miti kutoka Chole kwenyewe. Vyura chini ya miguu, upepo kwenye mpunga unatoka kulia kwenda kushoto, nguruwe wanakuja kwa nyuma unawasikia pua zao. Sauti ya Bi Mwanahawa tulikuwa tumeisafisha kwa programu mpya, haina upepo, haina jogoo, imetulia kama maji mtungini. Tulipoisikia mara ya kwanza wote tulipiga makofi. Mimi nilisema Mzee Kibwana angeona wivu.

Tukampandisha dunguni. Nguruwe wakaja. Akastuka, akashika debe akalipiga, na mashine ikasikia, nguruwe wakatimka kutani. "Tokeni! Washenzi nyie!" Alicheka, jamani, sikumwona akicheka tangu msiba. Kisha sauti yake mwenyewe ikaanza kusimulia. Ikafika mahali pa kuita. Shomariii! Kimya. Sauti ikaendelea kusimulia. Shomariii! Kimya. Sauti ikaendelea. Nikamwona amekaza shingo. Ilipoita mara ya tatu alishaanza kushuka dunguni, na magoti yake yale mabovu, anapapasa ngazi gizani.

"Zimeni."

Tukawasha taa. Zawadi akamkimbilia. "Bibi, tumekosea wapi?"

"Nimeita. Mwenzangu hajaitika. Na mimi naongea tu, naongea, sijashuka." Akamnyooshea Zawadi kidole. "Nani kawaambia mimi ni mtu wa hivyo? Watu wa Chole waje hapa wasikie nimemwacha Shomari dunguni hajaitika, nimekaa napiga soga peke yangu kama mwehu? Sitaki. Nipeni sauti yangu niende nayo."

Zawadi hakubishana, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Miaka yake yote ya kusoma ilikuwa ndani ya chumba kile, na aliniangalia mara moja tu, kisha akamwambia, "Ni haki yako, bibi. Tukiondoa sauti yako chumba hatufungui. Tunakuomba kitu kimoja, utupe nafasi turekebishe." Bi Mwanahawa akaligeukia dungu. "Kabla hamjafungua mtanisikilizisha tena. Mara moja. Ikiwa vile vile, basi."

Mmeshaelewa kilichotokea. Ile programu ya kusafisha ilimwona Mzee Shomari ni uchafu. Sauti ya pili, iko mbali, inarudia neno moja ambalo halina maana kwenye kamusi yake: ikamfuta pamoja na jogoo na upepo. Huko ilikotengenezwa nadhani watu husikilizana kimya, wanakodoleana macho mpaka mmoja amalize. Huku kwetu mtu akisikilizwa kimya anajua ama ameudhi, ama mwenzake amezimia.

Rekodi za kwanza zilikuwepo, kabatini, kama zilivyotoka Chole. Mkanda wa kwanza haukatwi, hata siku hizi ambapo si mkanda tena. Nikamletea Zawadi. Akavaa spika za masikioni, akapandisha sauti. Upepo. Mahindi kwenye beseni. Bi Mwanahawa: Shomariii! Na kwa mbali, nyuma ya mahindi: Ehee.

Zawadi akajiziba mdomo. "Mama Eli. Ni yeye. Yumo."

Yumo kote. Tulipokuwa tukisema hakuna sauti yake duniani, ilikuwa inakaa kwenye kabati langu, ehee baada ya ehee. Kumtoa ndiyo ilikuwa kazi. Zawadi alianza kuifundisha upya mashine, na mimi nakaa pembeni nasikiliza, namwonyesha: huyu ni mzee, hii ni punje ya hindi, huyu ni kuku. Mara ya kwanza mashine ikatutolea kuku mtupu, tena kwa kujiamini. Tulicheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Taratibu ikashika. Na sisi tukashika, maana zile ehee hazikuwa moja. Kulikuwa na ya kukubali, fupi. Ya kushangaa, inapanda mwishoni. Na kulikuwa na ile ya mume aliyeshaisikia habari hiyo mara mia na hana mpango wa kubishana, hiyo hata mume wangu anayo.

Halafu mashine ikajua mno. Siku moja Zawadi akaniita chumbani. "Mama Eli, ongea chochote." Nikaanza kulalamikia paa langu la Kongowe, jinsi fundi alivyokula bati langu moja. Nikanyamaza kuvuta pumzi, na kutoka gizani, mahali penyewe kabisa, Mzee Shomari akaniitikia: "Ehee."

Nilitoka nje. Zawadi akanifuata, na nilimwona ana furaha na hofu kwa pamoja. Alikuwa anafikiria tunu ya kumpa Bi Mwanahawa: apande dunguni, aongee na mumewe lolote analotaka, aitikiwe. Sikujua kama ni jambo jema au baya, na mpaka leo sina uhakika. Nilimwambia tu, usimshtukize. Tukamuulize kwake, mchana, amekaa kwenye mkeka wake. Na tumuulize pia kuhusu mzee mwenyewe, kwa sababu yule bwana alikataa kurekodiwa. Tuliweka maiki kwa mkewe, yeye akaingia kwa bahati.

Tukaenda Chole. Nikamvika spika za masikioni kwa mkono wangu, nikabonyeza. Shomariii! Ehee. Bi Mwanahawa hakulia. Alisema, "Mahindi yale tulikuwa tunayapeleka mashineni kusaga." Kisha akasema, "Rudia." Nikarudia. "Rudia." Nikarudia. Ya nne ndiyo akavuta khanga akajifunika uso, mabega yanatikisika. Na mimi nikalia, kwa mtindo niliofundishwa, bila sauti.

Alipotulia nikamwambia, "Mama, mzee alikataa. Tukimweka tutakuwa tumemvunjia neno lake. Wewe unasemaje?"

"Alikataa kusema," akajibu. "Hakukataa kuniitikia."

Zawadi akamweleza lile jambo la pili, polepole, bila kupamba: kwamba mashine inaweza kumwitikia hata kwa maneno mapya, leo, kesho, akitaka. Bi Mwanahawa alimsikiliza mpaka mwisho. Nilimwona analitamani, siwafichi, macho yalikwenda kibarazani kwenye kile kigoda kitupu cha mzee.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Niliyomwambia ameshaitikia. Ambayo sijamwambia, nitamwambia mwenyewe nikifika. Anajua nina maneno mengi, ananisubiri."

Zawadi akaifuta ile sehemu ya mashine usiku uleule aliporudi, hakungoja kuambiwa. Kwa hiyo ehee zinazosikika mle chumbani ni zake mwenyewe, kila moja mahali alipoiweka yeye, na ndiyo maana nilikasirika mliposema ni kompyuta. Kompyuta ilichofanya ni kumwondolea kuku.

Likabaki jambo moja. Pale kwenye habari ya nyoka, mahali mahindi yanaponyamaza, palikuwa na pengo refu, na mmoja wenu, simtaji, alishauri tupajaze kwa ehee kutoka mahali pengine ili wageni wasidhani spika zimekufa. Tukamuuliza Bi Mwanahawa. "Pale hakuitika kwa kuwa alikuwa analia," akasema. "Mwacheni alie." Tukapaacha. Akasikiliza yote mara yake ile moja, akashuka dunguni polepole akiwa ameshikwa mkono na Zawadi, akasema, "Sasa ni mimi."

Siku ya ufunguzi basi zima lilitoka Chole. Mnakumbuka lile vumbi kwenye mazulia. Niliketi dunguni karibu na Bi Mwanahawa, maiki zikiwa zinarekodi chumba kizima kama ilivyo desturi yetu, na mimi nikijua ni kazi yangu ya mwisho. Nguruwe walikuja, watu wakapiga debe, wakapiga kelele. Shomariii! Ehee! Wazee wa Chole walipoisikia ile sauti, mmoja akasema kwa nguvu, "Loo! Shomari!" na wengine wakaanza kufuta macho. Kisha ikaja habari ya nyoka. Sauti ya Bi Mwanahawa ikasema namwita njia nzima, namwambia itika, Shomari, itika hata kwa kukoroma. Mahindi yakanyamaza.

Giza totoro, pengo lile limekaa, na yeye mwenyewe yuko hapa karibu yangu anatweta. Nikafikiria yule mwanamke na mimba yake bondeni, anaita. Nikafikiria sakafu ya Mzee Kibwana. Shingo yangu ilianza kutikisika ilivyozoea, na gizani nani atakiona kichwa changu?

"Ehee," nikasema. Kwa sauti. "Ehee, mama."

Bi Mwanahawa hakugeuka. Alinishika goti akalibana.

Rekodi ya siku ile iko kabatini, rafu ya juu. Mkiifungua, pale mahindi yanaponyamaza mtamsikia mwanamke, sauti nzito kidogo, sauti ya pili ya kwaya. Programu yenu mpya itaiwekea rangi nyekundu na kuwauliza kama muifute. Msiifute. Nilikuwepo.